Mwanangu, Nilikufundisha Pamoja na Kosa Langu

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti tumeusikiliza mara mbili, mimi na mama yako, jikoni, mvua ikipiga bati mpaka ikabidi tupokezane simu sikioni. Tukuyu unaijua, mvua ya huku haiombi ruhusa. Tumeelewa. Unataka kuacha uhasibu hapo Dar uombe nafasi ya shahada ya muziki kwenye konsevatori, yaani chuo cha muziki, Ujerumani au Uingereza, na unauliza mimi naonaje. Kisha mwishoni, haraka haraka kama mtu ambaye gari linamwacha, ukasema: "Lakini Baba, kuna nini kule ambacho wewe hukunifundisha?"

Hilo la mwisho ndilo limenikalisha mezani leo. Jibu la kwenye simu lingepotea.

Nianze na jambo ambalo sijawahi kukwambia. Ulikuwa darasa la nne. Walikuja wageni kutoka Ujerumani, wakatufanyia semina ya matarumbeta kule Rungwe kwa siku nne. Kati yao alikuwapo mama mmoja wa makamo, mpiga tarumbeta aliyesoma konsevatori. Siku ya pili alituita mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika alichukua kamba ya katani, akaifunga kwenye tarumbeta langu, akalining'iniza kwenye boriti ya darasa mpaka likawa kimo cha mdomo wangu. Akaniambia niweke mikono nyuma, nipulize nota moja tu, sol, ndefu.

Nilipuliza. Tarumbeta likakimbia mbele kama bembea, ikatoka pumzi tupu. Nikalifuata kwa shingo, likakimbia tena. Nilikuwa na miaka arobaini na saba, nimeongoza bendi ya usharika miaka ishirini na zaidi, nimezika watu na kuozesha watu kwa tarumbeta lile lile, na vijana wangu wote walikuwa wamekaa kwenye madawati wananitazama. Yule mama akasogea, akapuliza yeye. Tarumbeta lilitikisika kidogo tu, na sol ikatoka, ndogo, safi, ikakaa hewani muda mrefu. Akamwambia mkalimani, na mkalimani akaniambia: "Anasema mkono wako unafanya kazi ya pumzi."

Maana yake umeshaielewa. Nilikuwa nabana chuma kwenye mdomo ili nota za juu zitoke. Ile alama ya duara kwenye midomo yetu, ambayo wewe ulikuwa ukiionyesha shuleni kwa fahari, ni alama ya kubana. Mdomo uliobanwa damu haipiti, ukichoka hauna pa kujificha. Ndiyo maana mimi sasa nikifika ubeti wa tatu namwachia kijana aendelee.

Wageni waliondoka siku ya tano. Nilijaribu wiki tatu, nne, kule stoo, usiku, kamba ikiwa bado ninayo. Lakini hakukuwa na mtu wa kunisikia na kuniambia leo umesogea, leo umerudi nyuma. Pasaka ikafika, nota za juu zilitakiwa zitoke asubuhi kaburini, watu wamesimama na mishumaa, na mkono ukarudi kwenye kazi yake. Mwaka uliofuata nikakukabidhi tarumbeta dogo, nikakufundisha kama nilivyojua. Nilikufundisha muziki, na nilikufundisha pamoja na kosa langu. Wewe mwenyewe umesema kwenye ujumbe kwamba ukishuka kwenye pikapu ya harusi Jumamosi usiku, mdomo unakufa ganzi mpaka Jumatatu. Niliposikia hivyo nilimtazama mama yako, tukanyamaza.

Basi jibu la swali lako ni hilo. Kule kuna mtu wa kukusikia kila wiki kwa miaka minne.

Nimeuliza, nimesoma, nimempigia yule kijana wetu aliyewahi kwenda na kwaya Ujerumani. Konsevatori si chuo kikuu cha kawaida chenye ukumbi wa watu mia tatu na mhadhiri kwenye kipaza sauti. Kiini chake ni somo la mtu mmoja na mwalimu mmoja, saa moja au zaidi kila juma, mlango umefungwa. Siku nyingine unakaa peke yako kwenye chumba cha mazoezi saa nyingi. Wapiga piano hufikisha hata masaa sita kwa siku. Wa tarumbeta hawawezi, mdomo ni nyama, hivyo hugawa mafungu mafupi na kupumzika katikati. Pembeni ya hayo kuna mazoezi ya sikio, nadharia, historia, piano hata kama chombo chako si piano, okestra, na vikundi vidogo vya watu watano. Na kuna darasa la wazi, ambapo unapiga mbele ya wanafunzi wenzako na mwalimu mgeni anakusahihisha wote wakisikia. Huko ndiko watu wengi hulia mwaka wa kwanza. Wewe umezoea kusifiwa, mwanangu. Kanisani ukikosea wanasema Bwana asifiwe. Jipime hapo kabla ya kujipima kwenye kipaji.

Jina lenyewe lina habari yake, na habari hiyo niliipenda. Konsevatorio za kwanza zilikuwa Napoli, Italia, karne ya 16, na zilikuwa vituo vya yatima. Neno lilimaanisha mahali pa kuwahifadhi watoto. Baadaye wakawa wanafundishwa kuimba na kupiga vyombo ili wapate riziki, na vituo vikawa shule za muziki zenye sifa Ulaya nzima. Paris wakaanzisha ya serikali mwaka 1795, London wakafuata na Royal Academy of Music mwaka 1822, Leipzig mwaka 1843 kwa juhudi za mtunzi Mendelssohn. Ninachokushikisha hapo ni kwamba tangu mwanzo ilikuwa ni kumkabidhi mtoto kwa fundi ajifunze kazi. Kwa hiyo usichague jengo wala jina la mji. Chagua fundi. Wanaojua hufanya hivi: humtafuta mwalimu wa chombo chao katika kila chuo, humwandikia, humtumia rekodi, huomba somo moja la majaribio, ndipo hujaza fomu. Ukijaza fomu bila kujua nani atakusikia, utakuwa umenunua tikiti bila kusoma basi linaenda wapi.

Jambo moja la kitaalamu litakusumbua, na hilo pia ni urithi wa kwetu. Wamisionari wa Kanisa la Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na matarumbeta yetu yanafuata desturi ya makanisa ya Kijerumani, ile aliyoieneza mchungaji Johannes Kuhlo. Tunasoma nota kama inavyosikika kwenye kinanda. Nota inayotoka bila kubonyeza kidole chochote, sisi tunaiita B flati. Bendi za polisi na okestra wanaiita C. Ndiyo maana ulipokaa na yule mwalimu wa bendi hapo Dar vidole vyako vikapishana na nota zake kwa hatua nzima, ukadhani umesahau kusoma. Hukusahau. Ulijifunza lugha moja na sasa unaongeza ya pili, na konsevatori watakudai hata ya tatu na ya nne, kwa sababu wapiga tarumbeta wa okestra husoma nota iliyoandikwa kwa ufunguo mmoja wakapiga kwa mwingine papo hapo. Anza sasa. Chukua wimbo mmoja wa kanisani unaoujua usingizini, uandike upya hatua moja juu, upige. Kesho mwingine.

Kuhusu njia yenyewe. Ujerumani vyuo vingi vya muziki ni vya serikali na havitozi ada kubwa, ingawa baadhi hutoza wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya. Mzigo uko kwenye kujikimu: kabla ya viza wanataka waone takriban euro 12,000 za mwaka mmoja zimekaa kwenye akaunti maalumu. Wanataka pia cheti cha Kijerumani, mara nyingi ngazi ya B1 au B2, yaani ya kati, na hapo una bahati, Goethe-Institut wanaofundisha Kijerumani wako hapo hapo Dar. Masomo mengi huanza Oktoba, na mtihani wa kujiunga hufanyika miezi kadhaa kabla: unapiga vipande vya mitindo tofauti, unapimwa sikio, nadharia, na piano kidogo. Uingereza maombi hupitia mfumo mmoja wa pamoja, hufungwa mwanzoni mwa Oktoba kwa ajili ya kuanza mwaka unaofuata, na baadhi ya vyuo hupokea rekodi ya video. Lakini ada kwa mgeni hupita pauni 20,000 kwa mwaka. Nisikufiche, hiyo hatuna, wala majani ya chai ya shamba letu hayawezi kuifikia. Uingereza ni kwa ufadhili au basi.

Mama yako ana swali lake na ameniagiza niliandike kama lilivyo: utakula nini? Ni swali la haki, usilikasirikie. Huku kwetu hakuna okestra inayokungoja na mshahara. Waliosoma tarumbeta wanaishi kwa kuunganisha: bendi za Polisi, Magereza na Jeshi, kufundisha shule za kimataifa, studio, harusi, kanisa. Hata Ulaya nafasi moja ya okestra hugombewa na watu wengi, na mara nyingi wanapiga nyuma ya pazia ili waamuzi wasikie bila kuona. Nilimjibu mama yako kwamba wewe tayari unajilipia nusu ya kodi ya chumba kwa harusi za Jumamosi, na unafanya hivyo kwa mdomo uliofundishwa vibaya. Hakuridhika. Alisema, "Basi asiache kazi mpaka barua ya chuo ifike mkononi." Hapo nakubaliana naye kabisa. Mwaka mmoja wa Kijerumani jioni, piano Jumapili mchana, na mazoezi alfajiri kabla ya daladala, huku mshahara unaingia.

Wala usidhani kubaki nchini ni kushindwa. Shahada ya muziki inasomwa Chuo Kikuu cha Makumira, kule Usa River, Arusha, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Bagamoyo kuna TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, ingawa pale nguvu yao kubwa ni ngoma na jukwaa na hawatoi kile unachokitafuta. Nenda kote ulize swali moja: nani atanifundisha tarumbeta, na atanisikia mara ngapi kwa wiki? Ukipata jibu zuri Arusha, nenda Arusha, nitauza ng'ombe kwa furaha. Ukiambiwa "tutaona", shukuru, uendelee kutafuta.

Ukienda mbali, kuna kitu nakuomba ubebe. Unakumbuka nilipokupeleka Kyela, ukaona wazee na vile vibuyu vya malipenga? Watu wa kando ya Ziwa Nyasa walisikia bendi za King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, hawakuwa na vyombo vya shaba, wakachukua vibuyu, wakabandika utando wa buibui kwenye tundu ili sauti itetemeke, wakaunda bendi yao na gwaride lao. Ulicheka sana siku ile, ulikuwa mdogo. Profesa atakapokuuliza unatoka katika muziki gani, usimwambie unatoka pasipo na kitu. Mwambie habari ya vibuyu, kisha mpigie.

Sasa fanya haya. Niorodheshee walimu watatu wa tarumbeta na vyuo vyao, tuwaandikie pamoja. Kiingereza changu cha barua bado kinatosha. Rekodi zako usizifanyie kwenye ngazi za ghorofa, mwangwi unaficha makosa, na tunachotaka ni makosa yasikike. Harusi za mwezi huu punguza, pigia tu zile ulizokwisha kupokea malipo ya awali. Na mafuta ya cherehani usitie tena kwenye vibonyezo, najua mimi ndiye niliyekuonyesha. Yanaganda kwenye baridi.

Tarehe za likizo ya Krismasi nitumie mapema nikukatie tiketi ya basi kabla nauli hazijapanda. Njoo na tarumbeta. Ile kamba ya katani ninayo mpaka leo, imo kwenye droo ya mashine ya cherehani ya mama yako. Nimeshapima boriti ya sebuleni, inafika kimo chako. Asubuhi utaanza wewe, mimi nitasikiliza, halafu tutabadilishana.

Mama yako anakusalimu, na bibi yako, kwa Kinyakyusa chake, anasema ugonile.

Baba yako