Maganda ya machungwa Muheza: anza na mafuta, pektini iache kwanza

Mkuu, umeuliza kama machungwa yaliyopasuka na maganda mnayotupa kwenye banda lenu la kupakia huko Muheza yanaweza kuleta hela, na ukataja pektini, ile inayogandisha jemu. Hela ipo. Nina misimu mitatu natoa mafuta ya maganda hapa Tanga, na nakuomba sana pektini uiache kwanza. Imo, tena nyingi, kwenye ile sehemu nyeupe, ila kuitoa kunataka maji ya moto yenye asidi, halafu spiriti nyingi ya kuigandisha, na mnunuzi atadai vipimo vya maabara.

Mafuta yamo kwenye ngozi ya nje tu. Chukua ganda bichi, libinye karibu na mshumaa, utaona cheche zinaruka. Hayo ndiyo mafuta, na zaidi ya asilimia 90 yake ni limonini, kimiminika chenye harufu ya chungwa. Ndiyo maana kwangu wauza machungwa wa stendi ya Kange ni hazina: wanamenya utepe mwembamba wa kijani, nyeupe inabaki kwenye chungwa. Kilo ya tepe zile inanipa mafuta kuliko kilo ya maganda mazima. Asubuhi nawaachia ndoo zenye mifuniko, jioni nazipitia. Na yenu yaliyopasuka yamenyeni hivyo hivyo. Yaliyooza tengeni kabisa, uvundo hupanda na mvuke.

Fanya siku hiyo hiyo! Msimu wa kwanza niliyaacha kwenye viroba siku mbili, yakapata joto, yakachacha. Pipa zima likanipa mafuta kiduchu yanayonuka pombe.

Mtambo ni pipa la chuma kisichoshika kutu, wavu wa kuyainua maganda yasiguse maji, na bomba linalopita kwenye maji baridi. Limonini peke yake huchemka kwenye nyuzi 176, lakini ikiwa na mvuke hutoka chini kidogo ya 100, kwa hiyo kuni zinatosha. Mvuke ukipoa kwenye bomba huwa maji, mafuta huelea juu yake, unayaengua. Kilo 20 za maganda hunipa mililita 80 hivi, basi usipige hesabu za utajiri.

Weka kwenye chupa za kioo cheusi, zijae mpaka shingoni, mbali na moto. Hewa na mwanga huyaharibu, na yakiharibika huwasha ngozi. Niliwahi kuyamimina kwenye kikombe cha povu, kikatoboka nikikiangalia.

Halafu mwarifu mwenyekiti wa kijiji kabla hujawasha. Pipa lenye bomba watu wanajua ni gongo tu, mimi nilishagongewa mlango usiku.

Wateja wangu ni watengeneza sabuni za maji. Makapi anachukua jirani mwenye mtambo wa biogesi. Maganda mabichi aliyakataa, kwa kuwa limonini huwadhoofisha vijidudu wanaotengeneza gesi. Haya yaliyokwisha kutolewa mafuta anayabeba yote.