Kwa nini swali linasema "kamba nyepesi isiyorefuka"
Ni lile swali la fizikia la mizigo miwili inayoning'inia kwenye ncha mbili za kamba iliyopita juu ya roda (gurudumu lenye mfereji wa kamba). Maneno hayo si mapambo, mkuu. "Nyepesi" inamaanisha uzito wa kamba umepuuzwa, kwa hiyo mvutano (nguvu ya kuvuta ndani ya kamba) ni uleule ncha hadi ncha. "Isiyorefuka" ndiyo inayokuruhusu uandike mchapuko mmoja (kiwango cha kubadilika kwa mwendo) kwa mizigo yote miwili. Roda nayo lazima iwe laini, yaani bila msuguano, na isiyo na uzito, la sivyo mvutano wa kushoto na kulia hautalingana; hapo ndipo wanafunzi wangu wa kidato cha tatu huteleza kila mwaka.

Kisima cha mita 20 huku Tabora, kamba ya kilo 2, ndoo ya kilo 20 imening'inia: mkono wako juu unashika kama nyutoni 220 (nyutoni ni kipimo cha nguvu, kama 10 kwa kila kilo), fundo la ndoo 200 tu. Kwenye mtihani upuuze uzito huo wa kamba. Ukiwa fundi wa winchi, usithubutu.