“Downplay” si kupuuza: kosa lililonifunza

Katika miaka niliyofanya kazi ya kutafsiri hapa Dar es Salaam, hakuna kitenzi cha Kiingereza kilichoniingiza matatani kama “downplay”. Nilikuwa nikitafsiri taarifa kuhusu uharibifu ulioletwa na mvua za masika kandokando ya Bonde la Msimbazi, na mahali kitenzi hicho kilipotumika kumhusu mkandarasi mmoja, niliandika kwamba “alipuuza nyufa za ukuta”. Mkandarasi alikuja juu, na haki ilikuwa yake, kwa sababu nyufa hizo alizitaja mwenyewe katika barua yake, ila alizieleza kama mikwaruzo ya kawaida ambayo fundi angeiziba kwa siku mbili.

Anayepuuza jambo hulipa kisogo. “Downplay” humhusu anayelitaja, lakini akalipunguzia uzito. Mtazame kijana wa bodaboda aliyeteleza Kariakoo: goti linavuja damu, suruali imechanika, naye anajikung’uta vumbi huku akisema, “Nimechubuka tu, kaka.” Hajaficha kitu wala hajamdharau mtu. Kwa hiyo kitenzi hiki hakibebi ubaya kila mara, kwa kuwa hata mtu anayepunguza uzito wa sifa zake kwa unyenyekevu huelezwa kwacho. Kinyume chake tunacho tayari, nacho ni kutia chumvi. Kwa upande wa “downplay” hatuna neno moja, ndiyo maana mimi huandika “alipunguza uzito wa” na kuiacha sentensi irefuke.

Usikichanganye pia na “belittle”, ambacho kwa kawaida hugusa hadhi ya mtu au ya kazi yake, na kwa Kiswahili kubeza au kudunisha hutosha. (Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani na mmoja wa watu wa kwanza kukiandika, katika miaka ya 1780, alikitumia kwa maana ya kufanya kitu kiwe kidogo hasa, akipinga dai la mwanasayansi Mfaransa Buffon kwamba wanyama wa Amerika ni wadogo kuliko wa Ulaya.)

Kabla ya kutafsiri, jiulize kwanza kama jambo lenyewe limetajwa au limenyamaziwa.

Sentensi yangu niliisahihisha hivi: “Mkandarasi alizitaja nyufa hizo, lakini alipunguza uzito wa tatizo hilo.” Hakuipenda hiyo nayo, ila safari hii hakuwa na la kukanusha.