Mahindi ya msaada yasilale mnapolala na watoto

Dada, hiyo nyumba msiikubali.

Umeuliza mambo mengi kabla ya kuhamia Malawi na mumeo mchungaji kwa kazi ya misheni: shule ya watoto watatu, kibali cha kuishi, malaria, Kichewa, lugha ya huko, mtajifunzia wapi. Mimi nimekwama kwenye sentensi moja uliyoiandika kwa kupita tu, kwamba kanisa limewapa nyumba ya vyumba sita huko Phalombe na viwili "tutawekea mahindi na maharage ya waathirika ili kuokoa kodi ya ghala". Nimeisoma mara mbili nikidhani nimekosea. Ninaandika nikiwa na hasira, wala si juu yako wewe wala baba mchungaji, mumeo.

Sisi tumeishi nyumba ya namna hiyo, wilaya hiyohiyo, kwenye tambarare iliyo kati ya Mlima Mulanje na Ziwa Chilwa. Tulikwenda baada ya kimbunga Freddy cha Machi 2023. Wengi hapa wanakumbuka matope yaliyofunika nyumba za mtaa wa Chilobwe kule mjini Blantyre, lakini na huku chini vijiji vilizolewa na maji. Kwa Malawi peke yake walihesabiwa marehemu zaidi ya 670, na wengine zaidi ya 500 hawakuonekana tena. Halafu, watu hawajamaliza kujenga vibanda, ukaja ukame wa El Nino, na Machi 2024 serikali ikatangaza hali ya maafa katika wilaya 23 kati ya 28. Kwa hiyo sikwambii msiende. Nendeni, kazi ipo na watu wale watawapenda. Ninachokwambia ni kwamba mahindi yasilale mnapolala na watoto. Mengine yote mtajifunza mkiwa huko, hili msilijifunzie huko.

Mpango wenu bila shaka ni kama wetu: kununua mwezi wa Mei watu wakishavuna, bei ikiwa chini, mtunze mpaka miezi ya njaa, Desemba hadi Machi. Ni mpango mzuri. Lakini maana yake chakula kinakaa miezi saba hadi kumi ndani, na mahindi ya kukaa muda huo yanataka dawa. Hapo ndipo hakuna mtu anayekuambia chochote.

Mratibu wetu wa misheni alikuja, akapima vyumba kwa hatua zake, akasema panatosha. Novemba 2023 benki kuu yao ilikuwa imeshusha thamani ya kwacha, fedha yao, kwa asilimia 44, fedha zilizotumwa hazikutosha kitu, kwa hiyo kila aliyekuwa na hesabu alikuwa anatafuta pa kukata. Yeye akakata ghala. Akasema mchungaji hakai mbali na chakula cha kondoo wake. Nilipomuuliza habari za watoto akanijibu kwamba wamishenari wa zamani walizika watoto wao njiani na kazi ya Bwana ikaendelea. Alilisema hilo mbele ya mume wangu, ameshika kikombe cha chai yangu. Na sisi tukakubali.

Sasa sikiliza ilivyokuwa, maana hii ndiyo sababu nimeandika.

Nyumba zile za kanisa nyingi hazina dari. Ukuta kati ya chumba na chumba unaishia njiani, juu pako wazi mpaka kwenye bati, ukikohoa huku unasikika kule. Magunia ya kilo 50 yalipangwa juu ya chaga kwenye chumba kilichopakana na cha watoto. Ilipofika Juni magunia yakaanza kumwaga unga sakafuni. Dumuzi. Watu wa Tabora wanamfahamu huyo mdudu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, ameingia kwetu kutoka Amerika, na akishaingia ndani ya gunia hakuachii punje. Mume wangu akapiga simu, mratibu akamtuma kijana wa stoo na kopo la vidonge. Kijana akavipanga kati ya magunia, akatandaza turubai, akafunga mlango, akatuambia tusifungue mpaka arudi. Kwamba sisi tutoke, hakusema. Yeye mwenyewe, naamini, hakuambiwa.

Vile vidonge ni alumini fosfaidi. Vinapokutana na unyevu wa hewani vinatoa gesi inayoitwa fosfini, na hiyo gesi ndiyo inayoua mdudu. Haichagui kati ya mdudu na mtoto. Huioni. Inapita kwenye ufa, chini ya mlango, juu ya ukuta usiofika kwenye bati. Watu waliosomea kazi hiyo huifanya kwenye jengo ambalo halali mtu, chini ya turubai lisilopitisha hewa, wamevaa vinyago maalumu, wamebandika tangazo la hatari mlangoni, na hawaruhusu mtu kuingia mpaka siku zitimie na hewa ibadilishwe kabisa. Maelekezo ya dawa yanakataza kuitumia kwenye nyumba ya kuishi. Sisi tuliwekewa upande wa pili wa kitanda cha mtoto.

Ulikuwa msimu wa Chiperoni. Mtaujua mkifika: manyunyu ya baridi yanayotoka upande wa Msumbiji, yanaufunika mlima wote kwa siku kadhaa, na kila kitu ndani kinakuwa na majimaji, hata chumvi. Madirisha tulikuwa tumefunga yote. Usiku nikasikia harufu, mchanganyiko wa kitunguu saumu na samaki aliyeharibika. Jikoni nilikuwa na ndoo ya usipa, dagaa wa ziwani, niliyonunua sokoni. Nikajua ni usipa. Nikaamka, nikaitoa ile ndoo nje barazani, nikaifunika na sinia paka asiifikie, nikarudi kulala. Baadaye nilisoma kwamba ndivyo watu wanavyoielezea harufu ya fosfini, kitunguu saumu au samaki aliyeoza.

Mtoto wa kati ndiye aliyeanza kutapika. Kichwa kinamuuma, kifua kinambana. Kila mmoja wetu akawaza malaria, na ndiyo maana nakuomba ulishike hili. Nilikuwa na vipimo vya haraka, nikamchoma kidole, kipimo kikasema hakuna. Nikampa maji ya chumvi na sukari. Kabla hajamaliza kikombe, mdogo wake naye akatapika kitandani. Mume wangu akasema hata yeye kichwa kinagonga. Malaria haiangushi watu watatu wa nyumba moja katika saa moja.

Aliyetuokoa ni jirani, mzee aliyewahi kuwa mlinzi kwenye ghala la mazao. Alikuja kwa sababu aliona taa inawaka usiku wa manane. Aliposimama mlangoni tu akauliza kama tumetia dawa kwenye mahindi. Hakungoja jibu. Aliwabeba watoto mmoja mmoja mpaka nje kwenye yale manyunyu, akatukataza kurudi ndani hata kuchukua blanketi, akavua koti lake akawafunika. Gari ikapatikana, tukafika hospitali. Tabibu aliyetupokea alikuwa kijana mpole. Alituambia wazi kwamba sumu hiyo haina dawa ya kuiondoa mwilini. Kilichopo ni oksijeni, dripu, kuangalia mapigo ya moyo na kungoja. Unajua kungoja ni nini, wewe ni mama. Alikuwa anarudi kila mara kuweka kidole kwenye mkono wa mwanangu, na mimi namtazama usoni yeye, si mtoto.

Walipona. Namshukuru Mungu, na namshukuru yule mzee, na nataka ujue kwamba kwenye familia nyingine hawaponi.

Mratibu alipopata habari alisema, "Ni dawa ya wadudu tu, wakulima wote wanatumia." Hakuja hospitali. Alichouliza ni kama magunia yameharibika. Nimejaribu kumwombea mtu yule, na nitaendelea, lakini sitanyamaza juu yake, maana watu wa aina yake bado wanapeleka familia changa huko kila mwaka wakiwa na hesabu za kodi ya ghala mkononi.

Na hilo la wamishenari wa zamani, kwa kuwa na nyie mtaambiwa, mjibuni. Mwaka 1850 mmishenari Livingstone alivuka jangwa la Kalahari na mkewe Mary akiwa mjamzito, pamoja na watoto wadogo. Waliporudi Kolobeng, kituo chao cha misheni, Mary alijifungua binti, Elizabeth, naye hakufikisha miezi miwili. Mwaka uliofuata akataka kuwapeleka tena, Mary akiwa na mimba nyingine. Mama mkwe wake, mke wa mmishenari Moffat wa Kuruman, mwanamke aliyekuwa ameishi misheni miaka mingi, alimwandikia barua kali ya kumkemea: haikutosha kumpoteza mtoto mmoja? Aliwapeleka hivyohivyo. Mary alifariki kwa homa huko Shupanga, kando ya Zambezi, Aprili 1862. Familia ya Helmore, wamishenari wengine waliopelekwa Linyanti, waliisha karibu yote mwaka 1860, baba, mama na watoto wawili kati ya wanne waliokwenda nao. Kwa hiyo si kweli kwamba hakuna aliyelalamika. Bibi wa watoto alilalamika, kwa maandishi, na alikuwa sahihi. Imani ya Mary na ya mama yake haikupungua kwa kusema mtoto alindwe.

Hata kama kusingekuwa na dumuzi wala kidonge, bado ningekwambia usikubali. Mahindi yakiwa ndani kwako, nyumba si yako tena. Watu wanagonga usiku, na si wezi, ni mama mwenye mtoto mgongoni ambaye jina lake halimo kwenye orodha, na yuko mita mbili kutoka kwenye chakula. Utamwambia nini? Ukimpa, kesho wako kumi. Ukimnyima, unarudi kulala na hilo. Mume wangu alikuwa akihubiri Jumapili huku watu wanamwangalia kama mwenye funguo. Wanangu shuleni waliitwa "ana a chimanga", watoto wa mahindi, na wa kwanza akaanza kukataa kwenda na chakula, kwa kuwa kila akifungua chombo wenzake wanamtazama mkononi.

Tena kuna Waislamu katika eneo lile, na wa madhehebu mengine. Mahindi yakitoka sebuleni kwa mchungaji, hata ukiapa, watu wataamini kwamba lazima waje ibada ndipo wapate. Tulikuta kina mama waliokuwa wanakaa benchi la nyuma kanisani wakiwa na njaa, wanangoja tumalize. Iliniuma sana. Kanuni za maadili za mwaka 1994 ambazo Msalaba Mwekundu, Caritas, Walutheri na Baraza la Makanisa Ulimwenguni waliziandaa pamoja na wengine zinasema msaada hutolewa kwa kuangalia uhitaji peke yake, na usitumike kuendeleza msimamo wa kisiasa au wa kidini. Makanisa yenyewe yamekubali hivyo. Injili hubirini, tena kwa nguvu, lakini isiwe kwenye mlango mmoja na magunia.

Mfanyeje basi. Kodisheni ghala bomani, hata dogo, lenye mlinzi na daftari lake. Fedha isipotosha, punguzeni magunia. Au nunueni karibu na miezi ya njaa, ingawa bei itakuwa juu, lori lishushe na kugawa siku hiyohiyo uwanjani, mbele ya machifu na kamati ya maafa ya kijiji, wao ndio wasome majina. Pale ambapo soko lina chakula, tumeni fedha kwa simu, hakuna cha kuhifadhi. Na chakula chenu wenyewe cha nyumbani wekeni kwenye ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Mdudu anakufa kwa kukosa pumzi, bila kidonge. Mtu yeyote akija na kopo mlangoni kwako, hata akiwa na barua ya askofu, mrudishe.

Malaria ipo, laleni kwenye vyandarua, mwende na vipimo. Lakini wawili wakitapika pamoja, kwanza tokeni nje wote, ndipo mpime.

Mwombe baba mchungaji ampigie mratibu wenu leo, kabla hawajanunua. Amwambie ghala kwanza, ndipo familia ipande basi. Kama hawana fedha za ghala, yeye atangulie peke yake, wewe na watoto mngoje mpaka zipatikane. Watakwambia unachelewesha kazi ya Mungu. Niliambiwa hivyo pia.

Na unijibu hapa hapa, leo kama unaweza: hivyo vyumba viwili vya mahindi vimepakana na chumba cha nani, na ukuta unafika kwenye bati au unaishia njiani?