Mama anasafishwa damu na mifupa inamuuma: usikubali "ni uzee" kabla ya kupima

Dada mleta uzi, pole sana, na mpe pole mama. Umesema ana miaka 64, figo zilishafeli, huu ni mwaka wa tatu anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na sasa mapaja, kiuno na visigino vinamuuma hadi usiku halali. Duka la dawa wamempa vidonge vya kalsiamu na diklofenaki, shangazi analeta supu ya kongoro kila asubuhi, na kila anayekuja kumjulia hali anasema ni uzee. Unauliza kama kweli ni uzee, na kama umpe maziwa.

Mimi si daktari. Nimemuuguza mama yangu kwenye mashine kwa miaka saba, na mwaka wa nne alivunjika nyonga kwa sababu nyumbani sote tulilikubali jibu hilo hilo unalopewa wewe. Nitaandika kirefu, univumilie.

La leo leo: diklofenaki zisimame mpaka uongee na daktari wake wa figo. Kama bado anakojoa hata kikombe kwa siku, hicho kikombe ni mali, na dawa za jamii hiyo zinamaliza uwezo mdogo uliobaki. Zinaweza pia kutoboa tumbo na kuvujisha damu, na mtu wa mashine kwa kawaida anapewa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Sisi maumivu tuliyatuliza kwa parasetamoli, kwa dozi aliyoandika daktari.

Sasa mifupa. Uzee upo, sikatai. Mwanamke akishakoma hedhi mfupa wake hupungua, hata kama figo ni nzima. Ila kwa mgonjwa wa figo kuna kitu kingine kinaendelea juu ya huo uzee, na tiba yake ni nyingine, wakati mwingine kinyume kabisa. Nesi mmoja wa kitengo alinichorea nyuma ya kadi ya kliniki, na mchoro ule ninao mpaka leo. Figo ndiyo inayotoa fosfeti iliyozidi. Ikifeli, fosfeti inajaa kwenye damu. Figo ndiyo pia inayomalizia vitamini D. Jua linaianzisha kwenye ngozi, ini linaifanyia hatua yake, lakini hatua inayoipa nguvu ya kufanya kazi iko kwenye figo. Hapo ikikwama, utumbo haunyonyi kalsiamu inavyopaswa na kalsiamu ya damu inashuka. Shingoni, nyuma ya tezi ya thairoidi, kuna vitezi vinne vidogo mithili ya punje za mchele, parathiroidi, ambavyo kazi yake ni kuchunga kalsiamu isishuke. Vikiona imeshuka na fosfeti imepanda, vinamwaga homoni iitwayo PTH, na homoni hiyo inakwenda kuchota kalsiamu kwenye mifupa. Inachota usiku na mchana, miaka na miaka, na mgonjwa hasikii chochote hadi siku mfupa unapoanza kuuma.

Ndiyo maana ile "mtoe nje aote jua" haikumponya mama yangu, ingawa alikaa barazani kila asubuhi. Jua si baya. Ila kilichoharibika kwake kilikuwa hatua ya baada ya jua, kwenye figo.

Vidonge vya kalsiamu ndivyo vilivyotuponza, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Kidonge kile kile cha kalsiamu kaboneti kina kazi mbili, na saa ya kumeza ndiyo inayoamua ni ipi. Mgonjwa akikitafuna katikati ya mlo, kinaikamata fosfeti ya chakula tumboni na kutoka nayo chooni. Akikimeza tumbo tupu, hakuna fosfeti ya kukamata, na kinabaki kuwa cha kuingiza kalsiamu kwenye damu tu. Mama yangu aliandikiwa "kimoja kutwa mara tatu", hakuna aliyetuambia neno "na chakula", naye akawa anavimeza kwa maji kabla ya kulala na alfajiri baada ya swala. Miezi kumi na moja hivyo! Fosfeti haikushuka, na kalsiamu iliyozidi haikuwa na pa kwenda. Siku alipopigwa picha ya nyonga, daktari alinionyesha mishipa ya damu ya paja: ilionekana myeupe kwenye picha, kama imechorwa kwa chokaa. Mfupa wenyewe pembeni ulikuwa hafifu. Sikulala usiku ule.

Na alivunjikaje? Hakuanguka kutoka ngazini. Ilikuwa usiku wa siku ya mashine, presha ikiwa chini kama ilivyo kawaida yake baada ya kutolewa maji, akaamka kwenda chooni bila kuwasha taa na akaketi vibaya sakafuni. Basi. Mtu wa rika lake mwenye figo nzima pengine angeamka na kujipangusa. Wagonjwa wa mashine wanavunjika nyonga mara kadhaa zaidi ya wenzao wa umri huo huo, na wengi hawarudi kutembea kama zamani. Mama alifanyiwa upasuaji na amerudi kutembea kwa wokaa, namshukuru Mungu, lakini ilichukua miezi saba.

Kwa hiyo, dada, kabla ya kidonge kingine chochote, muombe daktari wake vipimo: kalsiamu, fosfeti, PTH, na alkalaini fosfatesi ambayo ni ya bei nafuu na inasaidia kuisoma PTH. Damu ichukuliwe kabla hajaunganishwa kwenye mashine, na majibu uyaandike kwenye daftari kwa tarehe, kwa sababu namba moja peke yake haisemi mengi; kinachotazamwa ni inaelekea wapi. Usishtuke PTH ikiwa juu ya kiwango cha maabara. Kwa anayesafishwa damu, mwongozo wa kimataifa wa magonjwa ya figo, wa KDIGO, unakubali takriban mara 2 hadi 9 ya kikomo cha juu cha kawaida. Maabara yetu kikomo ni 65, mama alikuwa na 1,180. Fosfeti yake 2.6, na kikomo ni kama 1.5. Hapo ndipo nilipoelewa pia kwa nini alikuwa akijikuna usiku mpaka mashuka yanapata damu.

Kuna kosa la upande wa pili nalo. PTH ikikandamizwa sana kwa kalsiamu na vitamini D nyingi, mfupa unalala: haujengwi wala haubomolewi, na mfupa uliolala haujirekebishi nyufa ndogo. Huo nao unavunjika. Kwa hiyo mtu akikushauri umjazie mama kalsiamu "kwa kuwa haina madhara", mwambie ina madhara.

Vivyo hivyo dawa za mifupa ya wazee. Jirani yetu mwema alimletea mama alendroneti alizokuwa akitumia mama yake yeye. Daktari wa figo alizizuia, kwa sababu dawa hizo hutoka mwilini kwa njia ya figo na hazishauriwi figo zikishashuka kiasi hicho; na kama mfupa umeshalala, zinaulaza zaidi. Sindano ya denosumabu haipiti kwenye figo, lakini inaweza kuporomosha kalsiamu ya mtu wa mashine kwa namna ya kuua. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo lake kali kabisa Januari 2024 kwa sababu hiyo hiyo. Sisemi hazitumiki kamwe. Zinaamuliwa na bingwa wa figo mwenye majibu ya PTH na kalsiamu mkononi, akiendelea kupima damu baada ya sindano. Kipimo cha uzito wa mfupa, ile mashine ya DEXA, KDIGO tangu 2017 wanakikubali kwa wagonjwa hawa pale majibu yake yatakapobadilisha tiba. Kama ni kutumia pesa ya mwisho uliyonayo, mimi ningeanza na damu.

Mama alitibiwa hivi: kalsiamu ikapunguzwa na kuhamishiwa katikati ya mlo, akaongezewa sevelama, dawa nyingine ya kukamata fosfeti ya chakula (bei yake ilitushinda miezi miwili ya mwanzo, ndugu wakachanga), na fosfeti ilipoanza kushuka akapewa kalsitrioli, ambayo ni vitamini D iliyokwisha malizwa, haihitaji figo. Baada ya miezi minane PTH ilikuwa 520. Maumivu ya mapaja yalianza kupungua mapema zaidi ya hapo.

Chakula. Supu ya kongoro mshukuru shangazi, kisha mweleze kwa upole. Haina kalsiamu ya maana. Inachompa mama ni maji na chumvi atakavyokuja kuvibeba hadi zamu ya mashine. Fosfeti ya kuogopa zaidi ni ile inayowekwa kiwandani, kwenye soseji, nyama za kopo na soda nyeusi, kwa sababu karibu yote inanyonywa. Ya maharage hunyonywa kwa kiasi kidogo kuliko ya nyama na maziwa, kwa hiyo usimnyime maharage kabisa. Yaloweke, yachemshe, mwaga maji, kwa ajili ya potasiamu pia. Dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao ndio tuliowaondoa mezani. Ila usimfungie protini. Mama wa mashine akikosa nyama, samaki na yai anakonda misuli, na miguu isiyo na misuli ndiyo inayoanguka.

Nyumbani kwetu baada ya ajali tuliweka taa inayowaka usiku kucha kwenye ujia wa chooni, vyuma viwili vya kushikia ukutani alivyochomelea fundi wa mtaani, tukatoa kapeti, tukamkataza kandambili zilizolika. Siku ya mashine analala na mjukuu chumbani. Na anatembea: mizunguko kumi ya ua kila asubuhi isiyo ya mashine, pole pole.

Maziwa: sisi tulibaki na robo kikombe kwenye chai ya asubuhi, ikihesabiwa ndani ya maji yake ya siku, na anatafuna kidonge chake akiwa na mkate mdomoni. Vipimo vikitoka, weka namba hapa bila jina lake wala hospitali, pamoja na viwango vya maabara. Nitakuambia vya mama vilikuwaje wakati huo ili uwe na cha kumuuliza daktari.