Boti niliyoinunua ina namba ya redio tayari. Je, nisajili upya?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimenunua boti ndogo ya matembezi ambayo mwenyewe wa awali aliitumia kwa miaka kadhaa. Ina redio ya VHF yenye kitufe chekundu kilichofunikwa, na kila ninapoiwasha, skrini huonyesha namba ya tarakimu tisa. Aliyeniuzia alisema kwamba namba hiyo imekwisha kusajiliwa, kwa hiyo sina la kufanya. Je, ni kweli?

JIBU: Si kweli, ndugu msomaji, na ninakusihi ulishughulikie jambo hili kabla ya safari yako ijayo. Tarakimu hizo tisa, zinazojulikana kwa kifupi kama MMSI, ndizo utambulisho wa chombo chako katika mawasiliano ya redio ya baharini, lakini zenyewe hazisemi wewe ni nani. Ukifunua kile kifuniko na kukishikilia kitufe chekundu kwa sekunde chache, redio hutuma kupitia chaneli 70 ujumbe wa kidijiti wa kuomba msaada wenye namba hiyo, na huurudia kila baada ya dakika nne hivi mpaka ujibiwe. Mwokoaji anayeupokea pwani huitafuta namba hiyo katika kumbukumbu za usajili, ili ajue jina la boti, urefu wake, rangi yake, na mtu wa nchi kavu anayeweza kupigiwa simu. Kwa hali ilivyo sasa, simu hiyo itapigwa kwa aliyekuuzia boti, naye atajibu akiwa nyumbani kwake kwamba yu salama na hajatoka baharini wala kuingia, huku wewe ukipigwa na mawimbi. Hapo dakika zenye thamani kubwa zitapotea, na wito wako unaweza hata kudhaniwa kuwa ni wa bahati mbaya.

Anza kwa kuwasiliana na mamlaka iliyoitoa namba hiyo, ambayo kwa kawaida ni ile inayosimamia mawasiliano au usafiri wa majini katika nchi ambayo boti inapeperusha bendera yake. Tarakimu tatu za kwanza huitaja nchi, kwa mpango wa Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, yaani ITU: zile za Uingereza huanzia 232 hadi 235, na 338 ni miongoni mwa za Marekani. Katika baadhi ya nchi namba hubaki na chombo, na kinachobadilika ni taarifa za mmiliki tu. Kwingine mmiliki mpya huomba namba yake. Waulize wahusika kabla hujagusa redio, kwa sababu redio nyingi humruhusu mtumiaji kuingiza namba mara moja au mbili tu, kisha hujifunga mpaka fundi aliyeidhinishwa aifungue. Boti ikihamia bendera ya nchi nyingine, namba ya zamani haifai tena.

Uliza pia kama taarifa zako zitafika katika kumbukumbu za kimataifa za ITU. Marekani, kwa mfano, huruhusu vyama fulani vya waendesha boti kutoa namba kwa vyombo vya starehe visivyolazimika kuwa na redio na visivyotoka katika maji ya nchi hiyo. Taarifa hizo huwafikia walinzi wa pwani wa Marekani, lakini haziingii katika kumbukumbu za ITU, na anayekwenda bandari za ng'ambo hulazimika kuomba leseni ya redio ya chombo, yenye namba nyingine, kutoka FCC, yaani tume ya mawasiliano ya Marekani. Wengi hulitambua hilo wakati redio imekwisha kujifunga.

Jambo la mwisho ninaliona likipuuzwa mno. Hata usajili ukikamilika, redio isiyopokea mahali ulipo kutoka GPS, iwe ya ndani yake au ya kifaa kilichounganishwa kwa waya, itamwambia mwokoaji kuwa ni wewe bila kumwambia uko wapi. Tazama skrini: ikionyesha latitudo na longitudo zinazobadilika boti inapokwenda, mambo ni sawa. Usijaribu redio kwa kitufe chekundu hata kidogo. Tumia wito wa majaribio ulio katika menyu. Kikibonyezwa kwa bahati mbaya, usiizime redio ukanyamaza, bali sitisha wito huo kisha utangaze kwa sauti kwenye chaneli 16, ambayo ni ya wito na dharura, ukitaja jina la boti na namba yake, kwamba hakuna hatari.

SWALI: Nimekwisha kusajili MMSI ya boti yangu. Je, usajili huo unakihusu pia kifaa changu cha EPIRB, kile kinachotuma ishara ya dharura chombo kinapokuwa hatarini?

JIBU: Hapana. EPIRB hutuma ishara kwa setilaiti za Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa utafutaji na uokoaji, kwa masafa ya 406 MHz, na ina msimbo wake wa herufi na tarakimu 15 ambao husajiliwa peke yake, mara nyingi katika ofisi tofauti kabisa. Ukibadilisha namba ya simu au ukiuza boti, itakubidi uzirekebishe kumbukumbu zote mbili.