Hiyo 'atr' itoe sasa hivi, kabla hujarun

Weee ngoja, usibonyeze enta. Unasema ditekta yako ya Python imeshapata mapigo ya moyo kwenye rekodi za MIT-BIH (mkusanyo wa ECG, mawimbi ya umeme wa moyo), sasa wataka kuyasevu na wrann, ile amri ya wfdb (maktaba ya Python ya rekodi hizi) inayoandika faili la alama za mapigo, na pale kwenye ekstensheni umetia 'atr' kwa sababu eti mafaili ya hapo ndivyo yanavyoishia. Halafu umeuliza la sampfrom, ile parameta ya kuanza kusoma katikati ya rekodi. Hilo baadaye.

Hiyo si ekstensheni kama ya txt, ingawa wfdb wenyewe wameipa parameta jina hilo na hapo ndipo watu hunaswa. Ni jina la aliyetia alama. 100.atr ni alama za madaktari wa moyo, kila rekodi wameipitia wawili, kila mtu kivyake, wakaja kusuluhisha walipotofautiana. Na wrann haikuulizi chochote, haisemi faili lipo, inaandika juu yake kimyakimya kama paka kaingia jikoni.

Mimi nilifanya hivyo hivyo mwaka wa mwisho wa chuo, chumbani Tudor, Mombasa, saa nane za usiku, lupu ikapita rekodi zote 48 na zote nikazisevu 'atr' kwenye folda ile ile ya data. Kuja kulinganisha ditekta yangu na alama za madaktari, asilimia 100! Kila rekodi! Hata 207, ile ya kufadhaisha watu! Nilipiga ukelele jirani akagonga ukuta, asubuhi nikawanunulia watu viazi karai, naringa mtaa mzima, kumbe ditekta inajitazama kwenye kioo na kujisifu. Wiki mbili naandika ripoti juu ya ule upuzi.

Siku ya kuprizenti mwalimu mmoja, mama mpole sana, akaniuliza, "Mwanangu, kwenye rekodi ya 100 kuna A ngapi?" Nikamwambia A gani mwalimu? Akasema hebu fungua. Nikafungua mbele ya watu: N N N N N mpaka chini. Faili la kweli lina N (pigo la kawaida) 2,239, A (pigo la mapema kutoka atria, vyumba vya juu vya moyo) 33 na V (pigo la mapema kutoka ventrikali, vyumba vya chini) moja. Langu lilikuwa N tupu kwa sababu mimi ndiye niliyejaza N kwenye symbol, ile orodha ya aina za mapigo, kwa mkono wangu huu. Wallahi shati lililowa kama nimeogelea kutoka Likoni, na AC ilikuwa inafanya kazi.

Na aliyeniambia "weka atr kila mahali utapumzika" ni mtaalamu mmoja wa grupu la WhatsApp, mtaalamu wa nini sijui, noti zenyewe alituuzia! Mpaka leo nikimwona kwenye feri nahamia upande wa pili.

Kwa hivyo yakhe, ukiandika, andika kwa jina lako. Mimi natumia 'yangu', ndiyo, 'yangu', cheka tu. Herufi tupu, ukitia namba itakukatalia. Na rekodi iite '100' bila mkia, ukiandika '100.atr' itatafuta 100.atr.atr na utakesha.

La sampfrom: ukianzia dakika ya tano, yaani sampuli ya 108,000, rdrecord, inayosoma mawimbi, huanza kukuhesabia tena kutoka sifuri ila rdann, inayosoma alama, haianzi, alama zinabaki na namba zao za zamani mpaka uweke shift_samps=True. Basi.

Sasa fungua 100 na 'atr' uhesabu A. Zikiwa 33 umeokoka. Zikiwa sifuri, soma upya kutoka PhysioNet, tovuti zinakotoka rekodi hizi, kwa pn_dir='mitdb', faili la alama ni kilobaiti chache tu bando halitaumia, halafu urudi hapa utwambie. Viazi karai usinunue kwanza.